Tafadhali ya Kideni

Jumamosi, 5 Desemba 1970. Matrah, Omani.

Leo Mahfoudh kaniamrisha mara tisa kabla ya chai. Nimehesabu! Funga mlango. Sogea. Lete kikombe. Si hicho. Mahfoudh ni mwanyumba wangu: yeye kamwoa Mahbuba, mie nimemwoa mdogo wake, Kheiria. Tangu tuje kutoka Unguja tunakaa kwake, chumba kimoja, nyuma ya soko. Nyumba yake, sawa. Lakini mie si punda wake! Mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, karani wa forodha, watu walikuwa wakinambia tafadhali Bwana Thani kabla hata hawajakohoa.

Na sasa anataka nikakae dukani kwake nipime vitambaa. Asubuhi mpaka magharibi, chini ya mdomo wake! Heri nirudi Unguja kwa miguu.

Kheiria kasema yeye hataki makubwa. Anataka jiko lake mwenyewe. Miezi mitatu anakaanga vitunguu katika jiko la dada yake, na dada mtu kamsimamia begani anamwambia vinaungua. Kasema hayo polepole, halafu kageukia ukutani. Iliniuma.

Mungu hamtupi mja wake. Adhuhuri nilikwenda kutafuta kazi ofisi ya wanaojenga tangi jipya la maji kule jabalini. Fundi wao mkuu ni mzee mmoja wa Denmaki, Aksel, hajui lugha yoyote duniani ila ya kwao. Mhandisi aliyekuwa akimtafsiria kaugua, kapelekwa Bahrain. Mkubwa wa ofisi, Sheikh Harub, akauliza nani anajua Kideni. Kimya! Kijana Muslim, tarjumani wao wa Kiingereza, anayetembea kama kwamba Kiingereza kakitunga yeye, akasema atajaribu kwa ishara za mikono. Ndipo nikasema Kideni mie nnakijua.

Si uongo mtupu. Nilipanda meli ya Kideni kutoka Mombasa mpaka Dubai, siku kumi na moja, na mpishi wao alinipa kitabu cha sarufi. Sheikh Harub kasema tangi litafunguliwa Jumamosi ijayo. Kati yangu na Muslim, atakayefaa zaidi mpaka siku hiyo atapewa barua ya kazi. Na barua ya kazi inakuja na nyumba. Vyumba viwili na jiko!

Nikamwambia Mahbuba mie sasa ni tarjumani wa Mdeni. Akaniuliza anadaiwa na nani.

Jumapili, 6 Desemba.

Nimekifungua kitabu. Lo! Yule mpishi alikuwa akichana kurasa kufungia samaki! Sura ya nne, Amri, iko nzima. Sura ya tano, Maombi, imebaki kichwa chake tu na harufu ya dagaa. Kwa hiyo Mdeni nnaweza kumwamrisha, kumwomba siwezi.

Amri zao nyepesi. Sisi kwenye kuandika tunakata kichwa, tunatupa ku, inabaki andika. Wao wanakata mkia. Vente ni kungoja. Ondoa ile e ya mwisho, vent, ngoja! Hapo sina ugomvi nao. Lakini wakiwa watu kumi? Sisi tunasema ngojeni. Wao, vent. Kadhi je? Vent! Mama mkwe je? Vent! Watu gani hawa? Nimetafuta tafadhali kitabu kizima, mbele na nyuma. Hamna!

Jioni alikuja Nasriya, mwalimu mkuu wa skuli mpya ya wasichana. Unguja alisomesha pamoja na Kheiria. Wakanong'ona weee. Kheiria akaja kuniuliza jambo. Nikamwambia hebu ngoja, nnasoma. Akaja tena. Akaja mara ya tatu. Mwanamke haoni kwamba nnamtafutia jiko!

Jumatatu, 7 Desemba.

Nimetukanwa kutwa. Aksel ni pande la mtu, masikio yamembabuka kwa jua. Hata salamu hanijibu, ananambia Kom, njoo! Kama anaita mbuzi. Kisha Vent! Kisha Se, tazama! Haya yote mbele ya Bakhit, mtu wa kijiji cha Qantab, anayezungusha gurudumu la koki kubwa. Bakhit hajui Kideni wala hahitaji. Aksel akinyoosha kidole, yeye keshafanya. Wengine ndio walivyo, hawana wanachojali.

Saa nne Aksel kasema, Kaffe, tak. Kahawa naijua, na tak kitabu kinasema ni ahsante. Anashukuru hata hajapewa! Kama mwizi anayekuaga kabla ya kukuibia. Nikampelekea, lakini nilimnunia.

Nikaona hapa lazima mtu afundishwe adabu. Kwetu mtu mwenye heshima zake, hata awe peke yake, unamwambia karibuni, kaeni, kama kwamba kaja na ukoo wake. Basi nikazitia amri zake heshima. Nikamwambia, Komni! Akanitazama mdomoni. Nikamwekea sanduku, nikainama kidogo, nikamwambia aketi: Sidni! Akatikisa kichwa, nej, nej, akaonyesha baharini, akasema København, ndio mji wao. Muslim akanieleza huku akijifuta machozi: mzee kafikiri namuuliza kama katoka Sidni ya Australia. Akacheka mpaka akakalia sanduku yeye mwenyewe. Kefule!

Jumanne, 8 Desemba.

Nimeipata! Nimeipata tafadhali ya Kideni!

Asubuhi nilijinyoosha kidogo kivulini chini ya Landrova, si kulala, kufikiri. Aksel akaja akanisimamia, akasema, Stå op! Stå naijua, imo kitabuni, simama. Lakini hiyo op? Kaitoa wapi? Na kaisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeomba. Nikasimama, lakini nikaiweka akilini.

Alasiri wakajaribu maji. Aksel akamgeukia Bakhit, akasema, Luk op! Bakhit akazungusha gurudumu, koki ikafunguka. Basi! Luk ni fungua, op ni tafadhali. Simama, tafadhali. Fungua, tafadhali. Ipo wazi kama jua. Kumbe na wao wana haya zao, wanaiweka mwisho tu. Kufunga alifunga Aksel mwenyewe, kimya kimya, mie nikiandika.

Mpishi alifungia samaki sura nzima, na mie nimeitoa kwa akili yangu. Muslim, pamoja na Kiingereza chake chote, hajui lolote. Nimemwonea huruma. Kidogo tu.

Alhamisi, 10 Desemba.

Nimebuni mpango. Sheikh Harub atamuuliza Aksel nani anafaa zaidi. Na mtu aliyekula kwako hakusemi vibaya. Kesho Ijumaa nimemwalika chakula cha mchana. Nimemchorea sinia la wali na samaki juu yake, nikamwonyesha nyumba. Kafahamu.

Mahfoudh kang'aka, nyumba yake si hoteli. Lakini Mahbuba kasema mgeni ni mgeni. Kheiria kakaa jikoni tangu alasiri anasafisha mchele, na dada yake kamsimamia begani.

Ijumaa, 11 Desemba.

Siandiki mengi. Hasira zimenijaa.

Aksel kaja baada ya sala, kavaa shati safi, kashika kopo la siagi kama zawadi. Nikamfungulia mlango. Mahfoudh yuko nyuma yangu, anasikiliza. Hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha mwanyumba mtu gani anamwamrisha alete vikombe. Nikaweka mkono kifuani, nikasema kwa taadhima zote: Kom op! Karibu, tafadhali.

Mtu yule akaingia, akaona ngazi, akapanda! Hakutazama kushoto wala kulia. Akapanda mpaka juu ya paa! Na juu ya paa Ijumaa hukaa nani? Wanawake! Mahbuba katoka kuosha nywele, kazianika juani, Kheiria anamchana, Nasriya anakula embe la achari. Ukelele uliopigwa umesikika mpaka bandarini. Aksel akashuka mbio, alama ya ndara ya Mahbuba imemganda shatini, na mie bado nimeweka mkono kifuani.

Sasa jamani, kosa langu liko wapi? Nimemkaribisha kistaarabu. Yeye kapanda nyumba ya watu kama paka!

Mahfoudh alitaka kumtoa. Nikamsihi kwa ajili ya Kheiria. Akakubali ameuma meno. Sinia likaletwa, wali wa watu wanane na nguru mzima. Aksel akala kidogo, akafuta mikono, yule haya zimemshika. Nikasema nimpoze. Kula ni spise, kata mkia. Spis op! Kula, tafadhali. Akanitazama, akatazama sinia, akaanza upya. Kila akipumzika namwambia, Spis op! Jasho linamtoka. Alikula upande wake, akala upande wa Mahfoudh, akala upande wangu. Akamaliza nguru mpaka mashavu ya kichwa. Sijapata kuona mlafi wa namna ile! Alipoondoka alikuwa kashika ukuta.

Mie na Mahfoudh tumekula tende. Mahfoudh kanambia maneno machache: kesho nikirudi bila barua, Jumatatu niko dukani. Kheiria alikuwepo, akayasikia. Kanitazama kwa jicho la mtu anayekutegemea. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 12 Desemba.

Ya Rabbi.

Nitaandika kama yalivyokuwa, ili siku moja haki yangu ijulikane.

Chini ya jabali waliweka mikeka na viti. Sheikh Harub, wakubwa wenziwe, wazee wa Matrah, majambia yamesuguliwa yanameta. Mbele yao mfereji mpya wa watu kuchotea maji umefungwa utepe, na masinia mawili ya halwa. Juu tangini tupo watu watatu. Bakhit kwenye gurudumu. Mie pembeni yake, kanzu nyeupe kama maziwa, kazi yangu kumtilia Kiarabuni amri za Aksel. Aksel hatua thelathini kutoka kwetu, kwenye maungio ya bomba. Alikuwa na rangi ya kijani, tumbo bado halijatulia. Muslim yuko chini na wageni, ananitazama kwa jicho la nitakuona tu.

Aksel akapunga mkono, akasema, Luk op! Nikamwambia Bakhit, fungua, tafadhali. Maji yakashuka. Yakatoka mferejini, watu wakapiga makofi. Mama yangu, niliiona ile nyumba! Nililiona jiko, na Kheiria ndani yake, hakuna aliyemsimamia begani.

Mara bomba likaanza kutikisika, maji yakaruka kwenye maungio. Aksel akageuka, akapiga kelele: Luk! Luk! Luk!

Fungua, fungua, fungua. Bila op hata moja! Mbele za watu wazima! Nilichemka. Lakini nikasema, Thani, muungwana hajibu ujinga kwa ujinga. Nikamwambia Bakhit, fungua zaidi, na tafadhali nikaitia mie kutoka mfukoni mwangu. Bakhit akaniuliza nna hakika. Nikamwambia ebo, nani hapa anajua Kideni, wewe au mie? Akafungua.

Aksel akavua kofia akaitupa chini. Akaja mbio anapunga mikono miwili, anapiga ukelele: Hold op! Hold op, Thani! Hold op!

Na hapa, mwenye kusoma, nambie ungefanya nini. Hold ni neno hata la Kiingereza, shika. Na op! Kakumbuka adabu yake, masikini, tena kaitamka mara tatu, na jina langu juu yake! Nilitaka kulia. Bakhit alikwisha tia shaka, alianza kurudisha gurudumu. Nikamsukuma, nikalishika mwenyewe kwa mikono yote miwili. Kila Aksel akisema hold op, mie nnazidi kushika.

Maungio yakaachia. Sitayaeleza sana. Maji yalishuka jabalini yote kwa pamoja. Yalichukua mikeka, yalichukua halwa, yalimchukua Sheikh Harub na kiti chake mpaka kwenye ukuta wa msikiti. Wazee wa Matrah walikuwa wanaelea wanasoma shahada. Muslim ndiye aliyepanda mbio, akanibandua vidole kimoja kimoja, akafunga.

Jumapili, 13 Desemba.

Barua kapewa Muslim.

Mhandisi karudi kutoka Bahrain, kapona, kaeleza kila kitu, na Muslim kaja mpaka nyumbani kunieleza na mie. Eti luk ni funga. Luk op ndiyo fungua. Eti hold op ni acha. Kom op ni panda juu. Spis op ni maliza chakula chote usibakize, na yule mzee kamwambia mhandisi hajapata kukutana na mwenyeji mkali kama mie, aliogopa kuacha hata punje. Na tafadhali yao, eti mara nyingi ni ile tak! Ile ya kahawa!

Nikasema lugha gani hiyo, funga na fungua neno moja! Muslim akasema hata kwetu funga na fungua ni u moja tu. Nikamwonyesha mlango. Nilikuwa nna shughuli.

Makosa si yangu. Ni ya mpishi wa meli, ya Bakhit aliyekubali haraka, na ya Denmaki kwa jumla. Lakini niseme kweli, kwa kuwa hapa hapana mtu. Kheiria kafua kanzu yangu, kaianika, kaikunja, na wakati wote huo hakunitazama. Nimeona haya. Nimeona haya sana.

Jumatatu, 14 Desemba.

Dukani. Pima. Kunja. Panda. Si hilo. Shuka.

Jumatano, 16 Desemba.

Maajabu! Nyumbani imekuja barua. Nikamnyang'anya aliyeileta, nikijua Sheikh Harub kafikiri upya. Jina la juu: Bibi Kheiria binti Majid. Kaajiriwa mwalimu katika skuli ya wasichana. Nyumba ya vyumba viwili. Na jiko!

Nimeghadhibika. Mambo haya yanapitishwa bila mie kuulizwa? Kheiria kasema aliniuliza Jumapili ile aliyokuja Nasriya, mara tatu, na mara tatu nilimwambia hebu ngoja, nnasoma. Akaona ukimya wa mume ni ridhaa. Mahbuba kalia, kamkumbatia mdogo wake, kamwambia ataona mwenyewe kazi ya kusimamia jiko. Mahfoudh kanipa mkono. Kasema nimepata nyumba. Alivyosema nimepata, sikuvipenda.

Halafu Kheiria akaingia chumbani akafunga mlango, akacheka peke yake, kicheko kidogo cha msichana. Sijakisikia tangu Unguja. Hasira ikanipotea, nikaitafuta sikuiona. Imerudi wakati wa kulala.

Jumamosi, 19 Desemba.

Leo tumekwenda kuchukua ufunguo. Mlangoni kabla ya kutoka Kheiria kanisimamisha, kanitengeneza kilemba. Kanambia: Bwana, nakuomba sana, tafadhali, kwa hisani yako, leo ukinipeleka usiseme kwamba unajua kitu. Ombi limetimia hilo! Halina upungufu hata wa herufi. Nikamwambia hivyo ndivyo mtu anavyoombwa, Wadeni wangekuja kujifunza kwake. Nikampa ahadi.

Ofisini palijaa watu. Kheiria akatia saini, akapewa ufunguo, akaubana kiganjani. Hapo akatoka mkubwa mmoja kutoka chumba cha ndani, karatasi mkononi, jasho linamtoka. Akauliza kwa sauti: wamekuja watu wa kuchimba bandari, ni Waholanzi, je, hapa yupo yeyote anayejua Kiholanzi?

Kimya!

Kiholanzi na Kideni, mtu yeyote mwenye akili anajua, ni watoto wa baba mmoja. Kheiria akaniwahi, akanishika mkono wa kulia kwa nguvu zake zote. Nikainua wa kushoto.